Kinyozi Aliyengoja Ulimi Urudi Ndani

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya ukumbi wa jamii kule Kaloleni, kimeegemea ua wa michongoma, na juu ya mlango palikuwa na ubao uliochorwa vichwa vya wanaume, kila kimoja kimenyolewa kwa mtindo wake. Kimoja kilikuwa na panki, kingine kipara kinachong'aa, kingine kimepigwa mstari ubavuni kama njia ya panya. Mteja alikuwa huru kuonyesha kichwa alichokipenda. Kinyozi angekitazama kwa makini, angekubali, halafu angemnyoa kama alivyowanyoa wengine wote, yaani fupi, sawasawa, bila mchezo. Vijana walilalamika sana.

"Budaa, si nilikushow ile ya kona?"

"Ile ni picha," alijibu. "Wewe ni kichwa."

Sote tulimwita Kinyozi. Hata mkewe alimwita hivyo mbele za watu. Kwao ni Ukambani, hilo ulilijua akifungua kinywa tu, na mengine sikumuuliza. Kaloleni ya miaka ya tisini haikuwa mahali pa kuulizana nasaba. Ilitosha kujua mtu anachota maji mfereji gani na Jumapili anasali wapi. Mimi niliingia mtaa ule nikiwa mke wa fundi wa reli kutoka Bungoma, nikatoka nikiwa mjane mwenye mtoto mmoja. Katikati ya hapo nilimfahamu Kinyozi vizuri kuliko nilivyowafahamu shemeji zangu, na sioni hasara.

Dini yake ya kwanza ilikuwa Ukristo, ya pili ilikuwa spiriti. Akimaliza kukunyoa alikupangusa spiriti kisogoni na nyuma ya masikio, utake usitake. Ukikutana na mtu mzima barabarani amekunja uso na kushika shingo, hukuwa na haja ya kumuuliza anatoka wapi. Mashine zake za mkono alizitumbukiza kwenye mkebe wa spiriti, akaziwasha kwa kiberiti, zikawaka moto wa buluu mbele ya mteja anayefuata, ndipo akasema, "Karibu kiti." Alipangusa kioo kwa spiriti. Alipangusa redio. Kijana mmoja mchezaji mpira aliwahi kumwonyesha jipu lililomkaa pajani, akitaka ushauri tu. Alitoka pale akikimbia, na wenzake wakasema ndiyo mara ya kwanza kumwona ana kasi.

Ilikuwa miaka ambayo watu waliingia kwa kinyozi na wembe wao mfukoni, kwa sababu ya ugonjwa. Wengine waliona aibu kuutoa. Yeye hakuona ubaya wowote. Aliupokea wembe wako mpya kabisa, akaufungua karatasi, akauosha kwa spiriti.

"Lakini ni mpya, Kinyozi."

"Sijui ulilala wapi."

Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hili liliwakera wateja, maana mwanamume huenda kwa kinyozi kunyolewa na kusengenya, na asipopata la pili anaona hakuhudumiwa. Taarifa ya habari ya saa saba ikianza alisimamisha mashine hewani mpaka iishe. Ungeweza kuwa umenyolewa upande mmoja, una haraka, bosi anakungoja; ulikaa. Alieleza kwamba habari za nchi hii humpandisha hasira, na hataki kumkata mtu sikio kwa kosa la waziri.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, akijinyoa hujikata. Yeye alinyolewa na mkewe, Jumapili baada ya ibada, kwa mkasi wa kushonea. Mama huyo alikuwa mpishi hodari na mwimbaji mzuri, lakini mkono wa mkasi hakujaliwa. Ndiyo maana Kinyozi alivaa kofia ya sufu mwaka mzima, hata jua la Januari. Niliwahi kumshauri aende kwa wenzake wa Buruburu, wenye viti vya kuzunguka na mashine za umeme, wamtengeneze kichwa. Alinitazama kana kwamba nimemshauri aoe mke wa pili.

"Yule mama atajisikiaje?" akasema.

Kwa watoto hakuwa na maneno matamu wala peremende. Alikuwa na ubao aliouweka juu ya mikono ya kiti ili mtoto akae juu, kisha akamfunga shuka shingoni na kumwita mzee. Wote walikuwa wazee. "Mzee Otieno, tazama mbele." "Mzee Mutua, huwezi kulia na kunyolewa pamoja, chagua moja." Ajabu ni kwamba wengi walichagua. Mwanangu, Wekesa, alimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyemwita mzee. Nyumbani aliitwa kwa majina mengine kutegemea alichovunja.

Sasa nifike kwenye mdomo.

Baridi ya Julai ya Nairobi haina theluji wala kelele. Inakuja kijivu, inakaa, inakausha ngozi mpaka mtu ukijikuna mguuni unaweza kuandika jina. Mama yeyote wa Eastlands anajua kwamba mtoto hatoki nyumbani amepauka. Unampaka mafuta asubuhi mpaka ang'ae kama sufuria, majirani wapite waone. Nilimpaka Wekesa miguu, mikono, uso wote. Nilichokuwa sijui ni kwamba nikigeuka tu alikuwa analamba midomo. Alilamba juu, akalamba chini, akauzungusha ulimi mpaka mwisho wa uwezo wake, kisha upepo ukaja kukausha, pakamwasha, akalamba tena. Alikuwa na miaka mitano na hakuwa na kazi nyingine.

Ikatokea duara. Duara kamili, jekundu kwanza, kisha jeusi pembeni, ngozi imekakamaa na kupasuka, limeanza chini ya pua likateremka hadi karibu na kidevu. Ungedhani amekula mkate na jamu akasahau kujipangusa. Akicheka lilichanika, kwa hiyo akaacha kucheka. Akila chungwa alilia. Watoto wa ploti wakamwita Masharubu, naye akaanza kuficha mdomo ndani ya kola ya sweta, sweta ikalowa mate, sufu ikamsugua, duara likazidi.

Kila mtu alikuwa na dawa. Jirani yangu wa ukuta mmoja, Mama Rose, alisema ni kombamwiko wamemlamba usingizini, nimsugue ndimu na chumvi. Nilijaribu upande mmoja. Wekesa alipiga yowe lililomtoa mzee wa kanisa nyumbani kwake na Biblia mkononi. Mama Rose akasema basi nimchape kila akilamba, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mwingine akasema nimpake mwarubaini, kama tunavyowaachisha watoto kunyonya, ule uchungu utamkomesha. Nilimpaka. Alilamba ili autoe uchungu, na kwa kuwa uchungu haukutoka haraka, alilamba asubuhi nzima.

Nikampeleka kwa Kinyozi. Sikwenda kutafuta dawa, nilikwenda kumnyoa, lakini wewe unajua nini kilikuwa kwenye ule mkebe. Aliliangalia lile duara akiwa ameinama, mikono magotini. Akachovya pamba. Nilisema, "Kinyozi, taratibu," na wakati nasema taratibu alikuwa ameshapangusa. Sitaeleza kilio kile. Nitasema tu kwamba Kinyozi mwenyewe alirudi nyuma mpaka akagonga kioo, akaitazama ile pamba kama ndugu aliyemtia aibu mbele ya wageni. Kesho yake mdomo ulikuwa umevimba.

Nesi wa kliniki ya baraza la jiji alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuchoka, na alimaliza kazi kabla sijakaa vizuri kwenye benchi. "Ni mate tu, mama. Analamba, panakauka, panawasha, analamba tena. Nini hii umempaka?" Nikamtajia: ndimu, chumvi, mwarubaini, spiriti. Aliandika huku akitingisha kichwa, akauliza kama nilisahau pilipili. Kisha akanipa maagizo. Nimwoshe kwa maji matupu ya vuguvugu, bila sabuni. Nimkaushe kwa kumgusagusa kwa kitambaa laini, nisimsugue. Kisha nimpake mafuta ya mgando, yale mazito yasiyo na manukato, mengi, kuzunguka mdomo wote: kabla ya kula, baada ya kula, kabla ya kutoka kwenye baridi, na akienda kulala. Ndimu na machungwa vingoje. Nikiona usaha au maganda ya manjano nimrudishe. "Na ulimi ukae ndani," akamalizia. "Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Mafuta ni ya kumlindia nafasi."

Ningeishia hapo kama ulimwengu ungekuwa na mdomo mmoja tu. Lakini mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kwa kifua. Alikohoa, akakonda, akaenda. Daktari alisema nimonia. Watu waliitikia "nimonia" kwa adabu kubwa, kwa namna watu walivyoitikia miaka ile, halafu wakakaa wanangoja. Sasa mtoto wake ana vidonda mdomoni. Lisemwalo lipo, alisema Mama Rose kwenye mfereji, kama halipo laja. Alisema kwa sauti ya chini, lakini mfereji wa Kaloleni haujui sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimeshapimwa damu baada ya mazishi, mimi na mtoto, tukakutwa hatuna UKIMWI wala chochote. Nilijua tuko salama. Lakini karatasi ya hospitali huwezi kuibandika mlangoni kama kalenda.

Mwalimu wa nasari ya kanisa akaniita kando. Alikuwa binti mpole na alikuwa anaona aibu, maskini, alikuwa anapinda kona ya leso yake. "Mama Wekesa, wazazi wengine wamekuja. Si mimi. Lakini hebu akae nyumbani kidogo mpaka akauke." Nikamwambia ni kulamba midomo. Akasema anajua, anajua, lakini wazazi hawajui. Nikamuuliza nimwache wapi, maana nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha sweta kule viwandani, na msimamizi wetu alikuwa mtu wa kufunga geti saa ikigonga. Ukikosa, kuna mwanamke mwingine nje anangoja kiti chako. Binti yule akaanza kulia. Ikabidi nimbembeleze mimi.

Nilijaribu milango. Mama Rose alisema angempokea kwa moyo mmoja ila wajukuu wanakuja. Mwingine alisema ana kifafa cha ghafla, ugonjwa ambao sikuwahi kuusikia kwake kabla wala baada. Siwalaumu sasa. Wakati ule niliwalaumu sana, na niliwatukana kwa Kibukusu, lugha ambayo Mungu aliiumba kwa shughuli hiyo. Nilikuwa naogopa. Niliona kazi inakwenda, nyumba inakwenda, na mtoto wangu anakua nyuma ya mlango uliofungwa wakati wenzake wanaimba nje.

Asubuhi ile nilipita mbele ya kibanda nikiwa nimemshika mkono, sijui naelekea wapi. Kinyozi alikuwa anafagia. Alimtazama Wekesa, akaweka ufagio ukutani.

"Mzee Wekesa, leo huna kazi?"

"Nimefukuzwa," Wekesa akasema ndani ya sweta.

"Basi ingia."

Nikamweleza Kinyozi yote palepale mlangoni, nikikimbizwa na saa: nesi, maji ya vuguvugu, mafuta, ulimi. Nilirudia mara mbili kwamba si ugonjwa, ni kulamba midomo. Aliitikia kwa kichwa, polepole, kwa heshima. Nikampa kopo la mafuta ya mgando. Akalipangusa kwa spiriti, nje tu, akaliweka rafuni kando ya redio.

Wekesa akakaa kwa Kinyozi siku zote ambazo nasari haikumtaka. Alikaa kwenye benchi la wateja, mwisho kabisa, karibu na dirisha, na benchi likawa refu kuliko lilivyokuwa, kwa sababu wateja walisogea upande wa pili mpaka wengine wakaishia kusimama. Kisha wakaanza kusimama nje. Kisha wakaanza kwenda Buruburu. Mzee mmoja karani, mtu wa tai na kikohozi cha heshima, ambaye Kinyozi alikuwa amemnyoa tangu nywele zake zikiwa nyeusi, aliingia siku moja akasimama katikati.

"Kinyozi, nakwambia kama ndugu. Huyu mtoto akae nje, watu warudi."

"Huyu ni mteja," Kinyozi akasema.

"Ananyolewa kila siku?"

"Anangoja."

"Anangoja nini?"

"Zamu yake."

Karani akaondoka. Hakurudi mwaka ule.

Mafuta alimpaka mwenyewe, kwa kidole gumba. Nilimwona jioni moja nilipowahi kutoka kazini. Aliosha lile duara kwa kitambaa na maji ya chupa ya chai, akagusagusa kama mtu anayekausha picha, kisha akachota mafuta na kulizungusha gumba kuanzia chini ya pua, akapita shavuni, akateremka kidevuni, akapanda upande wa pili, taratibu, ametoa ncha ya ulimi wake mwenyewe kwa kumakinika. Wekesa alikaa ameinua uso na kufumba macho. Nilisimama nje kidogo. Sikutaka kuingia mapema.

Lakini ulimi wa Wekesa ulikuwa bado unatoka. Mafuta yanapakwa, yanalambwa. Kinyozi alijaribu kumfundisha kupiga mluzi ili mdomo uwe na shughuli. Ikagundulika kwamba mluzi hauji bila kulowesha midomo kwanza. Akamfunga leso usoni; Wekesa akailamba leso. Ndipo Jumamosi moja, nywele zikiwa zimekua na mimi nipo, akaweka ubao juu ya kiti.

Palikuwa na wateja kidogo siku hiyo, wale wachache wasiojali na wale wasio na nauli ya kwenda kwingine. Kinyozi akamfunga Wekesa shuka, akamgeuza aelekee kioo. Akaanza kunyoa. Ulimi ukatoka. Mashine ikasimama hewani.

Kinyozi alisimama tu, mkono juu, akitazama kioo, kama anavyosimama wakati wa taarifa ya habari. Wekesa akamtazama Kinyozi kwenye kioo, akatazama wateja, akajitazama mwenyewe, na ulimi wake uko nje. Akaurudisha. Mashine ikaendelea. Baada ya muda ulimi ukatoka tena. Mashine ikasimama.

"Ah, Kinyozi, tutalala hapa?" akasema kijana mmoja.

Kinyozi hakugeuka. Ulimi ukaingia. Mashine ikaendelea.

Watu walikuwa hawajawahi kuona kunyolewa kwa namna ile. Nusu ya kwanza ya kichwa ilichukua asubuhi. Wekesa alikuwa anajiona, kwa mara ya kwanza, akifanya kitu ambacho hakujua anakifanya. Nilimwona anahangaika: ulimi unafika kwenye meno, unagonga, unarudi. Kijana yule aliyelalamika akaanza kushangilia kimyakimya, anakaza ngumi kila ulimi ukirudi peke yake. Wa pembeni yake akasema, "Usilambe, boyz, uko karibu, vumilia." Ilipofika nusu ya pili walikuwa wamesogea wote mpaka nyuma ya kiti kutazama kioo, wale wale waliokuwa wamesimama mlangoni. Mashine ilipita kisogo chote bila kusimama. Kinyozi alipofungua shuka, walipiga makofi. Kisha akachovya pamba kwenye spiriti, akafikiri, akairudisha, na ile ndiyo mara pekee niliyowahi kumwona akimruhusu mtu kutoka bila kupanguswa.

Ngozi ya mtoto ina huruma. Ukiiacha bila kuisumbua inasahau haraka. Maganda yalitoka, wekundu ukafifia, pakabaki kivuli, kisha kivuli nacho kikaenda. Wekesa akarudi nasari na mdomo msafi, na yule binti mwalimu akambeba juu mbele ya wazazi wakati wa kuchukua watoto, ili wamwone vizuri. Aliimba siku ile kwa sauti kubwa kuliko wote, nje ya tuni. Nililia barabarani na sikujali nani ananiona.

Muda si mrefu kaka yangu alipata nyumba Donholm, akatuchukua tukakae naye. Tulihama kwa siku moja, kwa mkokoteni na pikapu ya kuazima, na sikumuaga mtu Kaloleni zaidi ya Mama Rose, ambaye alilia kuliko nilivyotarajia. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Kinyozi alikuwa amekwenda kwao kulima. Nikasema nitarudi kumshukuru rasmi. Mtu husema hivyo. Kazi, masomo, kaka akaoa, tukatafuta nyumba yetu, miaka ikapita.

Nilirudi mwishoni mwa miaka ile ya tisini, Jumamosi, kumwona rafiki aliyejifungua. Nikapita nyuma ya ukumbi. Ubao wa vichwa ulikuwa umepauka mpaka wote wamekuwa na upara. Ndani benchi lilikuwa limejaa, na Kinyozi, amezeeka, kofia ileile au dada yake, alikuwa katikati ya kichwa cha mtu. Aliponiona aliweka mashine chini kabisa, mezani. Akavua kofia.

"Mama Wekesa."

"Kinyozi, habari za siku nyingi?"

Akaja karibu ili wateja wasisikie. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Alisumbuka sana?"

"Nani?"

"Mzee Wekesa. Siku zake za mwisho. Alisumbuka?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.

"Kinyozi, Wekesa yuko darasa la tano. Leo amekataa kuja kwa sababu ana mechi."

Mteja kwenye kiti alikuwa anangoja na nusu yake ya kichwa.

"Mlihama upesi," Kinyozi akasema. "Walisema mmekwenda. Siku zile watu wakienda hivyo, walikuwa wanakwenda nyumbani kufia huko."

"Tulikwenda Donholm!"

"Hakuna aliyesema Donholm."

"Lakini si nilikwambia? Nilikwambia mlangoni hapa, mara mbili, kwamba ni kulamba midomo."

"Ulisema."

"Sasa?"

"Kila mama alikuwa na lake, Mama Wekesa. Mmoja alisema ni malaria. Mwingine alisema amerogwa. Wewe ukasema ni kulamba midomo. Nikaona mzigo wako ni mzito, nikakuachia."

"Na alipopona?"

"Ule ugonjwa hupumzika. Nikasema, umempa nafasi acheze."

Nikamtazama. Nikamkumbuka mwanangu kwenye benchi lile, na watu wakihamia Buruburu mmoja mmoja.

"Kwa hiyo wakati ule wote uliamini anao."

"Niliamini."

"Na ukamkalisha humu."

"Angekaa wapi?"

"Na kumpaka mafuta? Kwa kidole kitupu, pale palipochanika?"

Alikitazama kile kidole gumba, akakigeuza, kina makovu ya mashine ya miaka yote.

"Nilikuwa nakiosha na spiriti," akasema. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema uongo, akaongeza, "Siku nyingine nilisahau."

Nilikaa kwenye benchi la wateja nikalia. Wanaume wale wakasogea wakanipa nafasi, mmoja akavua kofia, mwingine akaipunguza sauti redio ya Kinyozi bila kuuliza. Walidhani nina msiba.

"Pole sana, mama," akasema aliyekuwa karibu nami.

"Asante," nikasema.